Mzimu Aliyefuatwa na Mbuzi

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Tulikikuta Kajiado, kwenye nyumba ya serikali tuliyopewa wakati Baba alihamishiwa huko kuwa daktari wa mifugo. Aliyekaa pale kabla yetu alikuwa ameacha vitu vitatu stoo: jiko la makaa lililotoboka, kiatu kimoja cha mpira, na hicho kitabu. Panya walikuwa wamemaliza jalada pamoja na kurasa nne za mwanzo. Kwa hiyo hatukujua kinaitwaje wala nani alikiandika. Tulikiita Kile Kitabu, na kila mtu nyumbani alijua tunasema kipi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, dada yangu kumi na minne. Alinisomea kwa sauti alasiri baada ya shule, tumekaa kwenye ngazi za nyuma, upepo wa Kajiado ukitujaza vumbi masikioni. Hadithi ilikuwa rahisi sana. Mwanamke anakufa katika boma la mume wake, na watu wote wa boma wanajua kilichomuua, lakini hakuna anayesema. Kisha kila jioni, saa ya kukamua, anaonekana. Jioni ya kwanza amesimama mbali kabisa, ng'ambo ya mto. Jioni ya pili amevuka mto. Hafanyi lolote. Hasemi neno. Anawatazama tu. Kitabu kizima ni mwanamke anayesogea hatua chache kila jioni, mpaka ukurasa wa mwisho, ambapo yuko jikoni.

Tulikisoma mara tisa. Dada yangu alifika mahali akawa anaweza kukisema bila kukifungua, kama vile watoto wengine wanavyosema mistari ya Zaburi.

Miaka ikapita. Wazazi walinunua ploti Kitengela wakati Kitengela bado ilikuwa mahali pa kununua ploti na kuchekwa na jamaa zetu wa Magharibi mwa nchi kwamba umeenda kulima mawe. Wakajenga nyumba ya mawe pembeni kabisa mwa makazi, mahali ambapo ukitoka mlango wa nyuma unaona nyasi tu mpaka macho yachoke, na siku zingine nyumbu. Dada yangu alipata kazi ya ofisi Nairobi, akawa anaenda na kurudi kila siku. Mama alikuwa mwalimu wa darasa la saba katika shule ya karibu. Mimi niliajiriwa kwenye studio ya kurekodi harusi, juu ya duka la mbegu, na kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kupunguza harusi ya saa tisa iwe harusi ya saa tatu.

Hapo ndipo runinga ikatangaza kwamba itaonyesha mchezo mpya wa kutisha, Alhamisi nane mfululizo, saa mbili na nusu usiku, uliotolewa kwenye kitabu. Waliupa mchezo jina jipya lenye neno "mapenzi" ndani yake, na hatukushtuka mpaka tulipoona tangazo: boma, ng'ombe, mto, na mwanamke mwenye nguo nyeupe ng'ambo ya mto.

Dada yangu alishika mkono wangu. "Ni Kile Kitabu," akasema. "Wameweka Kile Kitabu kwa TV."

Alhamisi ya kwanza tuliandaa kaseti mpya kwenye deki ya video, tukakaa kwenye kochi saa moja kabla. Mchezo ukaanza. Jua likazama vizuri, ng'ombe wakaingia zizini, mwanamke akaonekana ng'ambo ya mto. Nywele zilinisimama. Halafu akafungua mdomo.

"Nimerudi!" alisema.

Dada yangu aliweka kikombe chini. "Ameongea," akasema polepole, kama mtu anayetangaza msiba.

Na hakunyamaza tena kwa wiki nane. Alieleza kwa nini amerudi. Alieleza nani alimkosea na kwa utaratibu gani atawaadhibu. Alicheka kicheko chenye mwangwi. Moshi ulimzunguka kila alipotokea, ungedhani kuna mtu anachoma mahindi nyuma yake. Waliongeza mpelelezi wa polisi mwenye koti refu, na katika sehemu ya nne huyo mpelelezi akampenda mzimu. Wakaimba. Mama, aliyekuwa akisahihisha madaftari mezani na hakutaka kuonekana anatazama, aliinua kichwa siku hiyo akauliza, "Kwani huyo askari hana kazi?"

Shida yetu ya pili ilikuwa Baba. Vitufe vya kubadilisha stesheni kwenye runinga yetu vilikuwa vimekufa, kwa hiyo stesheni zote zilipitia kwenye deki. Ukibadilisha stesheni, deki nayo inarekodi hiyo mpya. Na Baba alikuwa mtu wa taarifa ya habari ya saa tatu. Mchezo, kwa sababu ya matangazo ya sabuni na mafuta ya kupikia, ulipita saa tatu kwa dakika tano hivi kila wiki. Ikifika saa tatu kamili, Baba alinyoosha mkono.

"Baba, dakika tano tu!"

"Nchi haiwezi kungoja dakika tano," alijibu, na akabonyeza.

Hivyo kaseti zetu zote ziliishia namna moja: mtu wa boma anasikia kitu nje, anageuka polepole, anafungua mlango, na hapo anakutana na waziri akifungua daraja.

Mchezo ulipoisha, dada yangu alinuna kwa juma zima. Kisha Jumapili moja, tukiwa tunaosha vyombo, akasema, "Wewe si unakata harusi kila siku?"

"Ndio."

"Si ukate na hii. Toa maneno. Toa askari. Irudi vile ilikuwa."

Nilimwambia haiwezekani, na nikaanza kesho yake. Jumatatu studio haikuwa na watu, maana maharusi walikuwa bado wamelala na waliowaalika walikuwa bado wanarudisha viti. Mwenye studio, mwanamume mpole aliyeamini kuwa hakuna mtu anayeweza kuharibu kompyuta kwa kufanya mazoezi, aliniruhusu niitumie nitakavyo. Niliunganisha deki na kompyuta, nikaingiza sehemu zote nane, na kompyuta ikalia kama pikipiki inayopanda kilima.

Kumtoa mpelelezi kulikuwa rahisi na kulinifurahisha. Nilimkata katika kila tukio hadi akabaki bega moja tu, ambalo sikuweza kuliondoa kwa sababu lilikuwa mbele ya ng'ombe muhimu. Moshi ulinishinda, nikauacha. Kazi ilikuwa kwa mzimu. Nilitafuta kila mahali ambapo mdomo wake umefungwa. Katika mchezo mzima wa saa nne, yule mwanamke alikuwa amefunga mdomo kwa sekunde arobaini na tatu, na katika hizo, sita alikuwa anameza mate ili aendelee.

Nikafanya tulichokuwa tunafanya kwa maharusi wasiotembea vizuri: nikampunguza mwendo. Sekunde arobaini na tatu zikawa karibu dakika tatu. Akawa anageuza kichwa taratibu, kope zikishuka na kupanda kama pazia, na nikahisi, kwa mara ya kwanza, kwamba nilikuwa nimeanza kumwona yule wa kwenye kitabu. Bahati mbaya ile kompyuta ilikuwa imezoea harusi. Kila nilipounganisha tukio moja na lingine bila kuwa mwangalifu, ilichagua yenyewe namna ya kuliunganisha, na mzimu akawa anatokea ng'ambo ya mto kutoka katikati ya moyo mkubwa mwekundu. Nilitoa mioyo hiyo mmoja mmoja. Kuna mmoja haukutoka kamwe.

Jumatatu ya tatu, nikiwa nimemsimamisha mzimu kwenye skrini, uso wake umejaa kioo kizima, nilisikia mlango. Mwanamke mwenye kitambaa kichwani na mfuko wa sukuma wiki mkononi alikuwa amekuja kuchukua kaseti ya harusi ya mdogo wake. Nilimwambia angoje kidogo. Nilipogeuka nilimwona anaitazama skrini, na sura iliyokuwa kwenye skrini ndiyo iliyokuwa mlangoni.

"Huyo ni mimi," alisema.

Kichwani mwangu niliona polisi, mahakama, na Baba akisoma habari zangu gazetini.

Alisogea karibu. Kwenye skrini alikuwa anageuza kichwa kwa mwendo wa konokono. Alitazama mpaka mwisho, kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia, "Mbona siongei?"

"Sauti iliharibika," nikadanganya.

"Woiye," alisema. "Na niliongea sana."

Akaniambia kwamba amepanga chumba nyuma ya kituo cha mafuta, hapa hapa Kitengela, kwamba anatoka upande wa Machakos, na kwamba tangu mchezo uishe hajapata kazi nyingine ya kuigiza. Akachukua kaseti ya harusi, akasema nikimaliza "kurekebisha" nimwite aone, akaenda na sukuma wiki yake. Nilibaki pale nikijisikia kama mwizi aliyesaidiwa kubeba.

Nyumbani nilieleza yote mezani, na Mama akaweka kijiko chini. "Kwa hivyo mmemnyang'anya mtoto wa watu maneno yake yote," alisema, "na hamjamwambia."

"Mama, kwa kitabu haongei," dada yangu akajitetea.

"Leteni hicho kitabu."

Alikisoma Jumamosi yote, amekaa na miwani yake kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, na tulipita pita karibu naye tukijifanya tunaanika nguo. Alipomaliza alikifunga.

"Kweli huyu hana haja ya kuongea," akasema. "Mtu mwenye makosa anayajua. Wewe simama tu."

Mama alijua anachosema. Darasa la saba lenye watoto sitini linaweza kupiga kelele hadi bati litikisike, na Mama alikuwa hainui sauti. Alisimama mlangoni. Mtoto mmoja akimwona, ananyamaza, kisha jirani yake, kisha kimya kinatembea kutoka dawati hadi dawati mpaka yule wa nyuma kabisa anabaki akiongea peke yake na kuisikia sauti yake.

Mimi na dada yangu tulitazamana. Zile dakika tano za mwisho za kila sehemu, ambazo Baba alizigawia taifa, ndizo zilizokuwa na mzimu akisogea karibu. Hatukuwa nazo. Tulihitaji mwanamke wa kusimama.

"Mimi?" Mama alisema. "Mtu wa kanisa? Niwe mzimu?"

"Mama, ni kusimama tu."

Alikataa siku mbili. Siku ya tatu alitoka chumbani amevaa joho lake jeupe la kwaya, bila kola, amefunga kitambaa cheupe kichwani, akauliza, "Nisimame wapi?"

Tulienda nyuma ya nyumba saa kumi na moja jioni, jua likiwa la manjano. Kamera ilikuwa ya studio, niliyoruhusiwa kuitoa kwa sharti nisiipeleke penye vumbi, sharti ambalo Kitengela haliwezekani. Nilimwambia Mama aende mbali, karibu na miti ya migunga, asimame aitazame nyumba. Akaenda. Akageuka. Dada yangu aliyekuwa kando yangu alivuta pumzi. Ilikuwa ni yule wa kwenye kitabu kabisa. Umbali ule wote, na bado ulijisikia kwamba kuna kazi ya nyumbani hujamaliza.

Nikabonyeza kamera. Sekunde kumi. Ishirini. Halafu kutoka upande wa kushoto akatokea jirani yetu, mama wa Kimaasai aliyekuwa na boma ng'ambo ya ua wetu, anarudisha mbuzi wake.

"Mwalimu, supa!"

"Ipa!" mzimu akajibu na kupunga mkono.

"Mama!" tukapiga kelele.

"Sasa nisijibu salamu?" alituuliza kwa mbali.

Jirani alikuwa amesimama. Aliangalia joho, akaangalia kitambaa. "Mwalimu, unafanya nini hapo?"

"Nimekufa," Mama akamweleza.

"Pole," alisema jirani. Akafikiri kidogo. "Tangu lini?"

Ilibidi twende tukamweleze. Alisikiliza hadithi yote ya yule mwanamke wa bomani, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akasema hata kwao anamjua mmoja aliyefanyiwa hivyo. Akakubali kupeleka mbuzi upande mwingine. Mbuzi hawakukubali. Kwa miaka miwili Mama alikuwa amewalisha maganda ya viazi juu ya ua kila jioni, saa hiyo hiyo, na kwao joho halikubadilisha kitu. Waliposikia sauti yake walikuja wote kumi na mmoja, wakajipanga nyuma yake.

Tulijaribu jioni nne. Tuliwafukuza, wakarudi. Dada yangu alijificha kwenye nyasi na ndoo ya maganda ili awavute, wakamtazama na kubaki na Mama. Mama akisogea hatua tano, mbuzi nao wanasogea hatua tano, kisha wanasimama na kutazama kule anakotazama. Jioni ya mwisho jua lilikuwa karibu kuzama na tulikuwa tumechoka, nikasema basi, tunapiga hivyo hivyo.

Niliunganisha picha hizo na za runinga kwa wiki mbili. Kwa mbali mzimu alikuwa mwigizaji wa Machakos, mwembamba, katikati ya moshi. Kwa karibu alikuwa Mama, mnene kidogo, na mbuzi kumi na mmoja. Nilitarajia kucheka. Lakini nilipoitazama mfululizo, kuna kitu kilichotokea. Mbuzi hawakupepesa macho. Walimzunguka wakatazama kamera na yale macho yao yaliyolala upande, kimya, kama watu waliokuja kushuhudia. Nilizima kompyuta nikateremka nikasimama kidogo na mwenye duka la mbegu.

Mama ndiye aliyepanga maonyesho. Alialika akina mama wanane wa chama chao cha kanisa, jirani yetu wa mbuzi, na, bila kutuuliza, alienda mwenyewe nyuma ya kituo cha mafuta akamwalika mwigizaji. "Mtu akizikwa," alituambia, "angalau aitwe."

Jumamosi alasiri sebule ilijaa. Kulikuwa na chai, mandazi, na mapazia yaliyofungwa kwa pini za nguo. Mwigizaji alikuja amevaa vizuri, akakaa kwenye kochi katikati ya akina mama, ambao walimtambua na kumshika shika mikono. Mimi nilikaa sakafuni karibu na deki ili nisimwone usoni.

Filamu yetu ilikuwa ya dakika hamsini na mbili. Bega la mpelelezi lilipopita hakuna aliyeuliza. Moyo mwekundu ulipofunguka mzimu akatokea, mama mmoja alisema "Wow!" kisha akanyamazishwa. Halafu Mama akatokea skrini, karibu na migunga, na mbuzi wake. Sebule ikawa kimya hata nikasikia chai ikipoa. Akasogea. Mbuzi wakasogea. Mama mmoja wa chama alianza kusali chini chini. Mwingine alimgeukia Mama aliyekuwa amekaa pale pale kando yake akila andazi, akamwangalia, akavuta kiti akasogea mbali.

"Yule mbuzi wa tatu anachechemea," Baba alisema kutoka nyuma.

Mama wawili waligeuka wakamkazia macho.

"Ni kwato. Imeoza." Alimwinamia jirani yetu. "Umeiona hiyo kwato?"

Wakatoka wote wawili kwenda kumwangalia mbuzi, na Baba alikuwa amebeba mkoba wake wa dawa. Hivyo hakuona mwisho, ambao kwa kweli haukuwa mwisho, maana tukio la jikoni tulikuwa tumelikosa kama mengine. Nilikuwa nimeweka mlango unafungwa tu, halafu giza.

Akina mama walipiga makofi wakafungua mapazia haraka. Mwigizaji hakupiga makofi. Alikuwa ameweka kikombe magotini.

"Sauti haikuharibika," alisema.

"Hapana," nikakubali. "Nilidanganya. Pole sana."

"Ile hotuba ya mtoni niliikariri wiki mbili. Nilikuwa naisema nikifua nguo. Nilikuwa naisema kwa foleni ya maji."

Dada yangu, ambaye ndiye aliyeanzisha yote hayo, alikuwa anaangalia zulia. Mama ndiye aliyesema, "Sasa si utuambie hapa."

Mwigizaji akasimama mbele ya runinga, akavuta kitambaa chake kikae sawa, akaanza. Na hapo, bila moshi, bila mwangwi, bila yule askari kumkodolea macho, zile hotuba tulizozicheka wiki nane zikawa kitu kingine. Alizisema taratibu, kama mtu anayewaambia jamaa zake mambo ambayo hangependa kuyasema. Alipofika mahali anapomuuliza mama mkwe wake kwa nini alifunga mlango siku ile, wawili katika wale akina mama walilia wazi wazi, na mmoja akamjibu. "Alikosea, mwanangu," alisema. "Alikosea sana."

Nilikuwa nimekata maneno hayo Jumatatu moja huku nikila njugu. Niliona aibu ambayo hata leo nikiikumbuka nabadilisha mguu wa kusimamia.

Alipoketi, dada yangu alienda akakaa karibu naye. Walianza kubishana mara moja. Dada akasema ni kweli ni mazuri, lakini si ya mzimu. Mwigizaji akasema mtu aliyeuawa ana haki ya kusema. Dada akasema ndiyo, lakini akisema anakuwa amemaliza, na asiposema hawalali. Walibishana hadi birika la pili, na nilipoona wameanza kucheka nikajua hawatapigana.

"Lakini mwisho wenu ni mbaya," mwigizaji alisema mwishowe. "Mlango tu? Si anafaa kuingia jikoni? Mimi nitasimama. Bila neno."

Tulipiga tukio hilo Jumapili iliyofuata baada ya ibada, katika jikoni yetu, dirisha limefunikwa kwa blanketi na taa ya mafuta mezani. Mama alikuwa mwalimu wa kusimama. "Usifikirie uso wako," alimwambia. "Fikiria kile wamefanya. Mabega chini. Hapana, usipumue hivyo, hiyo ni ya kutaka kuongea."

"Nimezoea, Mama."

"Acha kuzoea."

Tulirudia mara saba. Kila mara, karibu na mwisho, midomo yake ilianza kutikisika yenyewe. Mara ya nane Mama alituondoa wote jikoni, kamera ikabaki inarekodi yenyewe juu ya kabati, ili mwigizaji asiwe na mtu wa kumwambia kitu. Alibaki peke yake kwenye kona, na joho la kwaya la Mama lililomzidi upana, taa ikimmulika kutoka chini. Kwa sababu wote tulikuwa nje tukimngoja, na kwa sababu hakuna aliyemkumbuka Baba aliyekuwa amelala alasiri hiyo, hakuna aliyemzuia alipoamka akapitia mlango wa ndani kwenda kujazia chai yake.

Tulisikia "Mayi!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mwanamume yeyote. Neno hilo ni "mama" kwao Magharibi. Kisha chupa ya chai ikaanguka. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka na Baba, mtu aliyewahi kuingiza mkono wote ndani ya ng'ombe mbele ya mkuu wa wilaya bila kubadilisha sura, akatupita akikimbia, soksi miguuni, mpaka kwenye ua.

Mwigizaji hakutikisika. Tulipoingia alikuwa bado amesimama kwenye kona, mabega chini, mdomo umefungwa. Tulipomwambia basi, imetosha, ndipo akakaa chini sakafuni akacheka mpaka Mama akamletea maji.

Baba alitaka tukio hilo lifutwe. Alisema mtu wa cheo chake hawezi kuonekana hivyo. Mama alimwambia kwamba yeye mwenyewe alisimama na mbuzi mbele ya chama kizima cha kanisa na hakufa. Tukalibakisha, isipokuwa nilimkata Baba kuanzia kiunoni kwenda juu, kwa heshima. Unaona suruali inaingia, unaona miguu inasimama, unasikia sauti, unaona chupa ya chai inaanguka. Halafu mzimu, hajasogea.

Hotuba tuliiweka baada ya filamu kuisha, sauti tu, skrini nyeusi. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Dada yangu alisema anayetaka atazima, anayetaka atasikiliza. Niliirekodi studio, mwigizaji akiwa amekaa kwenye kiti ninachokalia, na aliisema mara moja tu bila kukosea.

Tulitengeneza kaseti tatu. Moja ilienda Namanga na binamu yetu aliyekuwa wakala wa forodha pale mpakani, akamwazima dereva wa lori, na baada ya hapo sijui. Ya pili iliharibika ndani ya deki yetu wenyewe, utepe ukatoka nje kama utumbo, na kompyuta ya studio nayo ilikufa kabla sijafikiria kuhifadhi chochote. Ya tatu tulimpa mwigizaji. Alikuwa anaenda nyumbani kwao Krismasi, na mama yake hakuwahi kumwona akiigiza, kwa sababu stesheni ile haikufika kwao.

Aliporudi Januari alipitia kwetu na mfuko wa maembe. Mama alimwuliza kama mama yake aliogopa.

"Hapana," alisema. "Alitazama yote. Hotuba ilipoanza kule gizani alisogea karibu na TV akaweka mkono juu yake, hapo sauti inatoka. Ikaisha, akaniambia nirudishe nyuma."

"Ukarudisha?"

"Mara tatu. Halafu stima ikapotea, ikabidi nimsemee mwenyewe."